Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Kinyozi akiwa peke yake, gari lake lilikwenda bila neno. Akimpakia mama mkwe, vituko vinaanza. Wakifika kwenye kilima cha kwenda hospitali, ambako mama alikuwa anatibiwa goti, gari linakohoa, linatetemeka kama lina homa, na taa ya injini inapepesa pale kwenye dashibodi. Wakimaliza kilima, kimya. Taa nayo inazimika, kama si yenyewe.

"Baba," mama mkwe alisema siku moja, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kukasirika, "kama nimekaa sana kwenu, si useme tu? Kwa nini unalituma gari?"

"Mama, haki ya Mungu, ni injini inamisi, inakatakata moto."

"Inamisi nikiwemo mimi tu?"

Jioni mke wa kinyozi naye akamjia juu. "Unamtikisa mama yangu mpaka goti linavimba upya?"

Kesho yake akalipeleka gari kwa fundi mmoja wa gereji, waliyemwita Sikio kwa jinsi alivyopenda kusikiliza injini huku amefumba macho. Sikio alisikiliza. Akachomeka mashine ya kupimia, akafungua plagi akazitazama, akazunguka na gari mitaa yote ya jirani. Wapi! Gari linateleza tu.

"Gari zima hili, bwana."

"Zima wapi! Nikimpakia mama mkwe linataka kufa."

Sikio akajifuta mikono kwa kitambaa. "Basi mlete."

"Nani?"

"Mama mkwe. Gari lisipougua mbele yangu, nitatibu nini?"

Sasa utamwambiaje mama mkwe kwamba anatakiwa gereji? Kinyozi alimtupia mkewe mzigo, mkewe akamrudishia. Mwishowe alisema mwenyewe, macho yakiwa ukutani. Mama akaingia chumbani, akatoka na gauni lake la kutokea na mkoba begani.

"Twende. Nataka huyo fundi aniite ugonjwa mbele ya macho yangu."

Sikio alishika usukani, mama akakaa mbele, kinyozi akajikunyata nyuma.

"Mama, fanya kila unachofanya siku zote," fundi akaomba.

"Mimi? Mimi huwa nakaa tu." Huku akisema hivyo akapandisha kioo, akanyoosha mkono na kuzungusha kiyoyozi mpaka mwisho. "Joto hili litaniua."

Kinyozi alikodoa macho. Yeye kiyoyozi hakigusi kabisa, anaogopa kumaliza mafuta.

Kilimani gari likatetemeka, taa ikapepesa. "Hapo hapo!" Sikio alipiga kelele kwa furaha. "Zima, mama!" Akazima, gari likatulia. "Washa!" Likakohoa. Mara ya tatu mama aliwasha bila kuambiwa.

Safari hii mashine ilikuwa imechomekwa, nayo ikasema ni silinda ya tatu. Walipofika juu Sikio aliegesha, akahamisha koili ya silinda hiyo, ile inayoipa plagi moto, akaibadilisha na ile ya silinda ya kwanza. Wakashuka, wakapanda tena. Sasa ikalalamika silinda ya kwanza.

"Ugonjwa umeifuata koili; imepasuka," Sikio akasema. "Kazi nyepesi inaimudu. Ukiipa kilima, watu na kiyoyozi kwa pamoja, inashindwa."

"Kwa hiyo si mimi," mama akasema, akimgeukia mkwewe.

"Si wewe, mama," Sikio akadakia. "Bila wewe ningeishia kuifungua injini nzima bure."

Koili mpya ilipofungwa walikipanda kilima kile kiyoyozi kikivuma, na gari halikusema kitu. Kinyozi akamwomba mama radhi ingawa hakujua hasa kosa lake, na mama akaipokea kwa moyo mkunjufu.

Wiki iliyofuata Sikio alipiga simu kinyozi akiwa katikati ya kumnyoa mteja. "Kuna pikapu hapa inanisumbua, mwenyewe anaapa inamisi, mimi siioni. Mama yupo?"

Kinyozi akapiga nyumbani kuuliza. Hakuwa amemaliza kueleza, mama mkwe akawa tayari anaulizia viatu vyake viko wapi.