Mizani Iliyopima Mafuta ya Luisa

Mwaka 2003 nesi alimwambia Safina kwamba sukari yake imeanza kupanda, na kwamba asipopunguza mwili itamsumbua. Safina hakubishana. Alikuwa mjane mwenye duka la vyakula Mbinga mjini, na alizoea kuamua jambo na kulifanya. Kesho yake akaacha chai ya vijiko vinne vya sukari, akaanza kutembea saa nzima kila asubuhi, kupanda na kushuka vilima, kabla ya kufungua duka.

Mdogo wake Sadiki, ambaye kazi yake ilikuwa kufuata bidhaa Dar es Salaam, alimletea zawadi: mizani bapa ya kioo inayotumia betri. Unavua viatu, unabonyeza umri na urefu wako, unapanda. Inaonyesha kilo, kisha asilimia ya mafuta mwilini.

"Kariakoo vimejaa vitu hivi," Sadiki alisema. "Miaka ile ya uhaba, ya foleni za sabuni, nani angevileta?"

Siku hiyo Luisa alikuwapo dukani. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Mkumbi, na kwa miaka kumi Safina alikuwa akinunua maharage kwake, hata wakawa kama ndugu. Wateja walipokuwa wakipokezana kupima, naye akapanda. Kilo hamsini na moja. Mafuta, asilimia thelathini na tisa. Safina mwenye kilo themanini na nane alikuwa amepata thelathini na sita.

Watu wakacheka. Luisa naye akacheka kidogo, kisha akauliza, "Sasa hayo mafuta yako wapi?"

"Huenda yako ndani," Sadiki akajibu bila kufikiri. "Yamezunguka moyo."

Luisa akaacha kucheka. Mama yake alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na nne, na waliomzika walisema ni moyo.

Zikapita wiki tano. Luisa aliporudi dukani gauni lilikuwa likimpwaya mabegani. Alitua debe la maharage, akakaa juu ya gunia huku akihema.

"Unaumwa?" Safina akamuuliza.

"Siumwi. Nimeacha karanga, parachichi na mboga ya kukaanga. Ugali nakula mara moja kwa siku. Nipime tena, dada."

Akapanda. Kilo arobaini na saba. Mafuta, asilimia arobaini.

Luisa aliitazama namba ile mpaka ikazimika. "Nimelala njaa," akasema polepole, "na yameongezeka." Safina alimwekea wali, akakataa, akaenda kusubiri gari la kwao.

Safina hakupata raha. Akilini alirudia yale maneno ya Sadiki, na kicheko chake mwenyewe siku ile. Akaona haifai kumwambia Luisa "usijali" tu. Lazima ajue kama mizani ile inasema kweli.

Akaanza na kilo. Akapakia juu yake mfuko wa sukari wa kilo hamsini, ikasoma hamsini. Hapo haikuwa na kosa. Kisha akajipima mafuta kutwa nzima. Alipotoka kutembea, jasho likiwa limekauka, thelathini na nane. Baada ya kunywa maji na kupumzika, thelathini na sita. Adhuhuri alipotoka kutia udhu, miguu ikiwa bado na unyevu, thelathini na mbili. Akarudia siku sita, na kila siku ikawa vivyo hivyo.

"Inapimaje hasa?" akamuuliza Sadiki.

"Inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyayo. Penye maji umeme unapita upesi, penye mafuta unakwama. Halafu inakisia."

"Kwa hiyo hayo mafuta haiyaoni."

"Haiyaoni, dada. Inakisia."

Safina akazitazama nyayo zake laini za dukani. Akakumbuka za Luisa, zilizokauka kwa miaka ya kupanda milima peku, ngumu na zenye magaga hadi kisiginoni.

Jumamosi akafunga duka, akaifunga mizani ndani ya kanga, akapanda gari la Mkumbi. Uani alimkuta Mama Kunigunda, mama mkwe wa Luisa, akipeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Huyu mwenzio ananifia njaa nikimwona."

Luisa hakutaka hata kuiona mizani. Safina akamwomba apande mara mbili tu. Mara ya kwanza, arobaini. Kisha Safina akachemsha maji, akaiweka miguu ya Luisa kwenye beseni, akapiga magoti na kumsugua magaga kwa jiwe. Luisa aliona haya, akataka kuitoa miguu.

"Tulia," Safina akasema. "Mimi ndiye niliyekupandisha kwenye kitu hiki."

Baada ya nusu saa akamfuta, akampandisha tena. Ishirini na sita.

"Hujatoka uani," Safina akamwambia. "Hayo mengine yameyeyukia wapi? Ilikuwa inapima ugumu wa nyayo zako. Na ukiuogopa moyo, tutakwenda wote kwa daktari akusikilize. Lakini kula."

Luisa akaanza kulia, na Mama Kunigunda akaingia jikoni bila kuambiwa. Alitoka na ugali na maharage yaliyoungwa kwa karanga, akakaa kando yake mpaka sahani ikawa tupu.

Walikwenda kwa daktari wiki iliyofuata. Moyo ulikuwa mzima. Sadiki naye alileta mizani sita za kuuza, na Safina akamweleza kila mnunuzi: kilo ziamini, mafuta yasikunyime usingizi. Sadiki alinung'unika, lakini dada yake hakubadili neno.

Msimu wa kahawa ulipofika Safina alikwenda Mkumbi kuchuma. Luisa alikuwa mbele, kikapu kiunoni, akipanda mwinuko kana kwamba ni tambarare. Safina alifuata akitweta.

"Pumzika, dada," Luisa akamwambia.

"Tupande tu," Safina akajibu, na akapiga hatua nyingine.