Mapigo Manne ya Baba

Baba alikuwa fundi rangi, na sauti yake ilikuwa nene kiasi kwamba akiimba juu ya ngazi, wenye nyumba walidhani kuna mtu anasogeza kabati. Wimbo wetu ulikuwa mmoja. Mimi naimba, "Upo?" Yeye anajibu, "Nipo." Tuliuimba tangu sijui kufunga kamba za viatu, mpaka wiki aliyolazwa asirudi.

Miezi saba baada ya kumzika, nilialikwa kuimba peke yangu kwenye ukumbi wa chuo, Jumamosi mchana. Mama alikuwa hajatia mguu penye muziki tangu mazishi. Nilitaka aje, amsikie baba tena. Nina vifaa viwili vya kukanyaga kwa mguu: kimoja kinanasa ninachoimba na kukirudia bila kuchoka, kingine kinashusha sauti iwe nene. Jibu la baba ningeliimba mwenyewe.

Fundi mitambo wa ukumbi, tunayemwita Waya, alinisaidia kuzungusha kitufe cha kifaa hicho cha pili.

"Teremka. Kidogo tena. Hapo basi, mdogo wangu. Ukizidisha utaimba kama friji bovu."

"Baba alikuwa karibu na friji."

"Basi ongeza barafu," akasema, akachora alama ya chaki nyeupe pale kitufe kilipoishia.

Alhamisi nilifanya mazoezi chumbani, mlango nimeurudishia. Nikaimba, "Upo?" Nikakanyaga, nikaimba, "Nipo." Spika ikalitoa jibu likiwa nene, lenye mkwaruzo mwishoni kama lake. Nikaliacha lijirudie. Nipo. Nipo.

Jikoni kitu kikaanguka. Mlango ukafunguka, mama akasimama pale na povu mpaka viwikoni. Uso ule sikuwa nimeuona kwa miezi saba. Ulikuwa uso wa mtu anayempokea mwenzake mlangoni na kumwuliza mbona umechelewa.

Akaniona mimi. Akaiona spika.

"Kumbe ni wewe."

Nikakanyaga kuzima, lakini kwa kiwewe mguu ukakosa, na sauti ikajibu tena: Nipo.

"Samahani, mama. Ni kifaa tu. Nilitaka Jumamosi..."

"Umempatia hasa," alisema, akifuta povu kwenye gauni. "Hata mkwaruzo."

Akarudi jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa, na halikufungwa kwa muda mrefu.

Jumamosi alikuja. Akakaa safu ya tatu, pochi magotini. Nilikitazama kitufe, kikiwa kwenye chaki, pale baba alipo, kisha nikakirudisha mwanzo kabisa. Waya akainua mikono kuuliza kulikoni. Nikatikisa kichwa.

Niliimba, "Upo?" nikanyamaza mapigo manne, urefu wa jibu la baba. Kifaa kikanasa swali pamoja na kimya chake, kikaanza kuvirudia. Juu yake nikajenga wimbo uliobaki: makofi, kiitikio, mluzi. Pale penye mapigo manne sikuweka kitu. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Mzunguko wa sita, au wa saba, nilisikia sauti ya mama, ndogo, ikiingia pale pale bila kukosa pigo.

"Hayupo."

Kipaza sauti hakikuinasa. Swali likazunguka tena, nafasi ikarudi tupu, na mama alikuwa ameinama, anatafuta kitu ndani ya pochi.