Kofia ya Jino la Baba

Usiku wa kuamkia leo niliota baba amefika kliniki kwangu Moshi, saa mbili kamili asubuhi, kadi ya miadi mkononi. Tulimzika siku kumi na moja zilizopita. Katika ndoto jambo hilo halikumchelewesha.

Mimi ni daktari wa meno. Baba yangu, Mwalimu Eliakunda Mfinanga, alivunjika jino la mbele siku ya mahafali yangu, alipofungua chupa ya soda kwa meno kwa furaha ya kupata binti daktari. Kwa miaka sita iliyofuata alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Tiba yake ilikuwa kofia: jino linasagwa kidogo pande zote, kisha linavalishwa kofia ya kauri inayofanana na jino lenyewe. Kazi hiyo naifanya kila wiki. Baba aliteremka kutoka Usangi mara tatu kuifuata, na mara tatu nilimwambia, "Baba, leo wagonjwa ni wengi mno, ngoja nikupangie wiki ijayo." Mara ya tatu aliniachia mkungu wa ndizi mapokezi, akapanda basi akarudi. Kisha akapata kiharusi.

Sasa amesimama mlangoni.

"Leo una nafasi?" anauliza, kiganja mdomoni.

"Ninayo, baba. Karibu ulale kitini."

Analala. Namchoma sindano ya ganzi, halafu navuta droo ya visagio. Visagio vyangu ni vijiti vya chuma, vifupi kuliko njiti ya kiberiti, ncha zake zimepakwa chembe za almasi. Kila kimoja kina pete ya rangi shingoni kuonyesha ukali wake. Vyenye pete nyeusi na ya kijani ni vikali, buluu ni vya wastani, nyekundu na njano ni laini.

Ndani ya droo hamna visagio. Mna darasa la nne.

Ni darasa lile lile alilofundisha baba, lenye dirisha moja lisilofunga. Visagio vimeketi kwenye madawati, viwili viwili, pete zimenyooshwa vizuri shingoni. Kiti cha baba kipo mbele ya ubao. Visagio vinasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Ubaoni pameandikwa kwa mwandiko wake: *Msisage zaidi ya milimita moja na nusu. Jino haliongezeki.* Nausoma, naona ni maelekezo ya kawaida, hata chuoni tulifundishwa hivyo.

"Nani atafanya kazi leo?" nauliza.

Kisagio chenye pete ya kijani kinanyoosha mkono kabla sijamaliza. "Mimi, daktari. Dakika mbili tu tumemaliza. Nje una wagonjwa kumi na wanane."

Natazama dirishani. Kweli, wamepanga foleni mpaka kwenye mlingoti wa bendera, mmoja anaangalia saa yake. Nachukua chenye pete ya kijani. Ndicho ninachochukua siku zote nikiwa na haraka.

Kinaanza kusaga kabla sijakanyaga pedali. Unga mweupe unamwagika kwenye kola ya shati la baba, kwenye sakafu, kwenye viatu vyangu.

"Simama!" nasema. "Umesaga kiasi gani?"

"Milimita moja na nusu na kitu."

"Kitu gani?"

Kinatazama chini. "Miaka thelathini na miwili."

Mimi nina umri wa miaka thelathini na miwili.

Baba ananigeukia, ananitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mtu aliyekutana naye benki.

"Samahani, daktari," anasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Nakiete. Nakiete wako, baba."

"Jina zuri," anasema. "Bibi yangu aliitwa hivyo."

Napiga magoti nakusanya unga ule kwa viganja vyote viwili. Nauliza darasa zima nani anaweza kuurudisha. Hakuna anayenyoosha mkono. Hata wagonjwa wa nje wanaacha kukohoa. Mwishowe kisagio kimoja chenye pete ya buluu, ncha yake ya mviringo, kinasimama karibu na dirisha.

"Daktari, sisi tunaondoa tu. Kurudisha hatukufundishwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini jino halijafa, bado limebaki la kutosha. Ukinishika mimi, ukingo wake utakuwa wa mviringo kama ncha yangu, na kofia itakaa bila kumkata ufizi. Au unataka kumwacha hivi hivi?"

Sitaki kumwacha hivi hivi. Nimeshamwacha hivi hivi mara tatu. Nakichukua.

Mara pananuka moshi. Jino linaungua kwa sababu sina maji ya kulipoza. Nakamua bomba la kiti, linatoa vumbi.

"Maji yapo," anasema baba, na ananyoosha kidole.

Tupo kwenye ndiva ya juu ya nyumbani kwetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba ambalo baba alikuwa akiandika zamu za watu mlangoni pake. Maji yananifika kiunoni, yana baridi ya mlimani. Kiti cha baba kinaelea kidogo. Namchotea maji kwa mkono wa kushoto, nasaga kwa mkono wa kulia, nikigusa jino kwa wepesi kama mtu anayeandika kwa penseli karatasi isitoboke. Nikibonyeza zaidi, kile cha buluu kinaniambia, "Taratibu." Nalegeza. Baadaye kinampisha chenye pete nyekundu, nacho kinalainisha ukingo. Nadhani kilikuwa kinalia, lakini tulikuwa majini, sikuwa na hakika.

"Inauma?" namwuliza baba.

"Haiumi. Mkono wako mwepesi."

"Nimemaliza kusaga."

"Haya, nivalishe kofia."

"Kofia anatengeneza fundi. Anahitaji wiki mbili."

Baba anatazama jua, halafu anatazama kadi yake ya miadi. "Wiki mbili sina, daktari."

"Najua."

Namtengenezea ya muda. Nachanganya unga wa kopo na maji ya dawa, naufinyanga kwa vidole unapoanza kuwa mgumu, naupachika, nauchonga. Nafanya kazi muda mrefu sana. Foleni yote inatawanyika, watu wanakwenda zao. Sijawahi kumtengenezea mtu kofia ya muda kwa uangalifu namna ile.

"Itakaa siku ngapi?"

"Wiki tatu, ukila vitu laini."

"Inatosha."

Anaipitishia ulimi. Kisha anaondoa kiganja mdomoni, na anacheka. Namwona baba akicheka, meno yote, mbele ya maji na milima. Analipapasa jino kwa kidole, anacheka tena.

Anashuka kitini, anakunja suruali, anaanza kupanda ukingo wa ndiva. Juu kabisa anakumbuka jambo, anarudi hatua mbili.

"Daktari, nikuombe kitu. Nasikia nina binti anafanya kazi kama hii yako. Simkumbuki sura, ila watu wananiambia ni hodari na ana wagonjwa wengi. Ukikutana naye, usimwambie nimetengenezwa jino kwako. Atajisikia vibaya."

Nataka kumwita. Mdomo hautii. Sindano niliyomchoma yeye imeshika kwangu. Midomo ni mizito kama ya mtu mwingine, na neno "baba" halitoki. Ananipungia mkono kama anavyompungia mtu yeyote aliyemsaidia, anashukia upande wa pili.

Nikaamka. Nilikuwa Usangi, chumbani kwangu kwa zamani, kumekucha. Nilinawa uso, nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, kanga ya msiba kichwani.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Nilipoinama kumsaidia ungo, akanishika mikono, akaigeuza juu chini. "Mbona umekunjamana vidole hivi? Umefua nini alfajiri yote hii?"

Nikaangalia. Ncha za vidole vyote kumi zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na kwenye vifundo vya mikono palikuwa na alama nyekundu ya kuzunguka, alama inayobaki nikivua glavu baada ya kazi ndefu. Sijavaa glavu tangu siku nilipopigiwa simu ya msiba. Glavu zangu zote ziko Moshi.

"Sijafua kitu, mama."

Akavileta vidole vyangu puani, akavinusa.

"Vinanuka mpira," akasema. Akaendelea kuvishika, maharage yakabaki kwenye ungo.