Kazi Iliyorudi Kitini

Mama alikuwa fundi cherehani, na mimi nilijifunza ufundi kwake. Hakuwa mtu wa kukemea. Mshono ukipinda, aliufumua kimya kimya na kukuwekea nguo kitini. Ukirudi unaikuta, unameza mate, unashona upya. Mshono ukinyooka, alikata nyuzi zinazoning'inia na kuikunja nguo vizuri. Sifa zake ziliishia hapo. Wateja walimwita Bi Mkasi.

Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Jina langu limemtoka, na bei ya kitambaa imemtoka, lakini kufumua hajasahau. Anafumua foronya, mapazia, hata upindo wa gauni alilovaa mwenyewe. Nilipoficha wembe, alitumia meno. Na kila akimaliza, ananiwekea kitini.

Haya yalipoanza nilikuwa na sare za shule za kushona. Mwalimu mkuu alishaniambia wazi kwamba nikichelewa tena, kazi inahamia kwa fundi mwingine. Mchana nashona, usiku mama anazunguka akitafuta mlango wa nyumba tuliyoihama nikiwa bado nabebwa mgongoni. Asubuhi nakuta sketi zimerudi kuwa vipande. Siku moja nilimfokea, mama yangu mzazi, naye akaniuliza kwa adabu kama mwenye duka yupo. Nililia kwa hasira.

Kaka alipiga simu.

"Vumilia, dada yangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Njoo uzile wewe hizo mbivu," nikamjibu, nikakata.

Aliyekuja ni mke wake. Mimi na wifi huyu hatukuwa tukipikika chungu kimoja. Anacheka kwa sauti kubwa, na hata kutunga uzi kwenye sindano kunamshinda. Aliingia na mfuko wa mapazia yaliyochakaa.

"Wifi, nenda kalale."

"Na mama ataangaliwa na nani?"

"Kwani mimi sanamu?"

"Hujui chai yake anavyoipenda."

"Nitamuuliza. Akisahau, tutazionja zote. Nenda bwana!"

Nilijilaza nikitega sikio, nisikie atakavyoshindwa. Nikalala kama gogo.

Nilipoamka, mama alikuwa kwenye kochi anafumua pazia, na wifi pembeni anampa umbea wa mtaa mzima. Wifi akaniambia lile pazia litashonwa tena hovyohovyo, mama apate la kufumua siku nyingine.

"Unamdanganya mama," nikasema.

"Nampa kazi. Wewe unamnyang'anya."

Neno lile liliniuma, maana lilikuwa la kweli. Basi akawa anakuja Jumatatu na Jumatano. Akiwapo, nalala, nikiamka, nashona, kisha naifungia kazi kabatini.

Jumatano moja nilishona sketi ya mwisho. Kesho yake sare zote zilitakiwa shuleni. Nilikwenda kujinyoosha kidogo, sketi nikaisahau juu ya cherehani. Nilipokumbuka, nilitoka mbio bila viatu. Cherehani ilikuwa tupu. Sketi ilikuwa kitini.

Niliinyanyua. Haikuwa imefumuliwa. Nyuzi zilikuwa zimekatwa, na ilikuwa imekunjwa vizuri.

Nikatoa kapuni vipande alivyovifumua mwanzoni, ambavyo sikuvishona upya bali nilikata vingine, nikavipeleka dirishani. Matundu ya sindano bado yalionekana, yamekwenda upande kama njia ya mlevi. Nilikuwa nimevishona nikisinzia. Si vyote; vingine havikuwa na kosa lolote, na foronya nazo hazikumkosea mtu. Siwezi kuapa kwamba mama alikuwa anajua anachokifanya.

Lakini alininyooshea kidevu, akamwambia wifi, "Huyu fundi wako mpya alikuwa amechoka sana. Naona siku hizi analala."

"Analala, mama," wifi akajibu, na safari hii hakucheka.

Nilimeza mate. Kisha nikamuuliza wifi kama na Ijumaa ana nafasi.