Meno ya Awino

Sikuiba jiwe la Mzee Ezekiel. Nililila. Msinicheke: nilikuwa na mimba ya miezi sita, duka la Waafrika kule Landover lilikuwa limeishiwa odowa, yale mawe laini ambayo kwetu Kisumu wajawazito huyatafuna kama karanga. Na hapa Springfield, Marekani, mezani kwa huyu mzee ninayemtunza, palikuwa na mawe matatu meusi yakinitazama tu.

Mzee alikuwa mwanajiolojia. Ni Mmarekani mweusi, na Kiswahili alijifunzia chuo kikuu, kile cha "naam, binti yangu" kinachonichekesha. Mawe aliyatoa Spitsbergen, kaskazini kabisa kwenye barafu, miaka arobaini iliyopita. Moja lilikuwa tope lililotulia chini ya bahari miaka milioni mia nane nyuma, na aliamini ndani yake mna mabaki ya viumbe wadogo kuliko chembe ya unga. Lakini lebo zilibanduka, macho yake yamekufa, na maabara ilikubali kuyeyusha jiwe moja tu ili kuwatafuta. Akikosea kuchagua, atazikwa bila kujua. Wiki nzima alikuwa akiyapapasa na kuguna.

Siku hiyo alisinzia kitini. Nikamega kipande cha jiwe la kwanza, nikatia mdomoni. Kwaruu!

"Awino, unakula nini?"

Haki! Nikajua kitumbua kimeingia mchanga, kazi ndiyo hiyo imekwenda. "Jiwe lako, Mzee. Nisamehe. Ni hii mimba."

Akakaa wima. "Linakwaruza, au linateleza?"

"Eh?"

"Nasi wanajiolojia tulikuwa tukiyatafuna! Mchanga hukwaruza meno, tope safi huteleza. Viumbe hudumu kwenye tope, mchanga huwasaga. Sasa meno yangu ni ya bandia, hayaniambii kitu."

Jamani! Kwa odowa mimi ni profesa. Mama yangu aliziuza soko la Kibuye, na hakununua gunia kabla mimi sijaonja. Nikakaa chini na mzee, nikafanya kazi. La kwanza lilikuwa mchanga mtupu. La tatu vilevile. Kipande cha la pili kikayeyuka ulimini, nikakimeza kabla sijajijua.

"Hili," nikasema.

"Una hakika?"

"Mama angelinunua bila kubishana."

Tukalituma. Wiki sita mzee hakulala vizuri, wala mimi. Picha ya maabara ilipokuja nikaishika karibu na dirisha.

"Naona duara, Mzee. Lina ukuta, na vinywele pembeni, kama kiazi kinachochipua. Na lingine. Yapo kumi na saba."

Akanishika mkono, akalia. Nami nikalia.

"Ila Mzee, kumbe wengine niliwameza."

"Hao ni wazee wetu sote," akasema, akicheka na machozi yakimtoka. "Wasalimie." Kisha akaegemea kiti. "Haya, nieleze tena. Anza na vinywele."