Rangi ya Tumbo la Gari

Asubuhi ya siku ya soko, Kyule alikuwa amelala chali juu ya katoni, chini ya gari aliloliunda kwa mikono yake, akikwangua kutu kwa brashi ya waya. Gari lilikuwa la Kitonga, mwenye malori ya mchanga. Bodi ilitoka kwa Peugeot iliyokuwa imefugiwa kuku Matinyani, injini ilitoka Mwingi, na chasisi ilitoka kwa lori la Kitonga mwenyewe, lililozama mtoni likipakia mchanga na kuachwa humo mvua zikipita juu yake. Kyule aliikata, akaifupisha, akaiunga upya. Hakukuwa na gari kama hilo Kitui nzima. Alimwambia hivyo kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza.

Lilibaki jambo moja tu, rangi ya chini. Barabara za kijiji chao cha Tulia ni mawe na vumbi, na chuma kisichopakwa huliwa upesi. Kitonga alitaka rangi nzito ya mpira, nyeusi, na aliahidi kwamba gari likimpendeza, Kyule atasimamia karakana yake mpya kule Mwingi. Karakana hiyo ilikuwa na shimo la kusimama chini ya magari. Kyule alikuwa amechoka na katoni.

Kutu ilipoisha, chuma kikaanza kudondosha maji.

Hayakuwa maji ya rejeta, maana rejeta ilikuwa bado haijafungwa. Kyule alipangusa, yakatoka tena. Akaweka karai, na lilipojaa akamwita nyanya yake, Kasiva, aliyekuwa akiuza ndengu ng'ambo ya barabara. Kasiva alichota kwa kiganja, akaonja.

"Haya ni ya kona ya mto, pale penye mkuyu," alisema. "Ya kabla malori hayajafika."

"Mkuyu ulikatwa, Susu," Kyule alimwambia nyanya yake.

"Ndiyo maana nimekwambia ni ya kabla."

Akaenda kuleta mtungi.

Jioni foleni ya mitungi ilifika kwa fundi viatu. Tangu mchanga ubebwe, mto ulikuwa umebaki mwamba mtupu, na visima ambavyo wanawake walikuwa wakichimba mchangani kwa mikono havikuwa na pa kuchimbwa. Basi wakalichukulia gari kama kisima. Walilizungushia miiba ili mbuzi wasiingie, wakakataza sabuni, na kila aliyetaka kutambaa chini alivua viatu kwanza, kama ilivyo heshima ya maji. Kyule aliambiwa avue vyake katika gereji yake mwenyewe. Alinung'unika, akavua.

Kesho yake alijaribu rangi. Oili chafu, ambayo mafundi wengi hupaka, ingenukisha maji, hivyo hata hakufungua kopo. Ya mpira alipaka sehemu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, akangoja ikauke. Pale palipopakwa, maji yalikoma kabisa. Kyule akalala akipatazama pale pakavu. Kumbe ingewezekana. Mkono mmoja wa rangi, na gari lingekuwa gari, na yeye angekuwa Mwingi, amesimama wima shimoni kama mtu. Aliwaza hivyo kwa muda mrefu, karai likijaa kando ya sikio lake. Kisha akachukua patasi, akaibandua ile rangi yote.

Kitonga alikuja na viatu vinavyong'aa. Alipofika kwenye miiba alivivua bila kuambiwa, akaviweka kando, ndipo akakumbuka alichojia.

"Nilisema mpira mweusi," alisema. "Mbona gari langu linakojoa?"

"Wewe ungekojoa hivi, Kitonga, tungekupigia kura," Kasiva akamjibu kutoka chini ya gari.

Wanawake wakacheka. Kitonga hakucheka. Alimgeukia Kyule.

"Ziba hiyo kitu. Ukiziba, funguo za karakana ni zako leo. Ukikataa, baki na bomba lako hapa vumbini."

"Mchanga uliubeba wewe, mzee, na mto ukaenda nao. Hii nimeiunga mimi. Siizibi."

"Chasisi ni yangu."

"Basi lala chini uzibe mwenyewe." Kyule akamnyooshea brashi.

Kitonga aliitazama brashi, akawatazama wanawake. Hakuna aliyetoka kwenye foleni kumpisha. Akavaa viatu, akaenda zake. Kufikia wikendi, karakana ilikuwa imepewa Gedion wa Kitui mjini, fundi ambaye hakuwa na maneno mengi.

Kyule alienda Mwingi vilevile, lakini kwa duka la rangi la Abdisalam.

"Nipe ile ya kupaka ndani ya matangi ya maji," alisema.

"Tangi lako ni la ukubwa gani, fundi?"

"La milango minne."

Abdisalam akafikiri. "Lenye magurudumu huwa linahitaji mikono miwili ya rangi," alisema, akashusha makopo.

Kyule alilipaka tumbo lote la gari rangi hiyo, polepole, miguu mitupu. Aliacha tu mistari ya kuungia, pale alipochomelea chasisi, maji yapate pa kutokea. Rangi ikakauka, ngumu na safi, na kutu haikupata pa kushika. Chini ya bampa ya nyuma aliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Malori ya Kitonga hayakuacha kupita, yakifuata mchanga uliobaki chini zaidi ya mto. Asubuhi moja dereva wa lori, jina lake Mutie, alisimama mbele ya gereji, moshi ukitoka kwenye boneti. Alitaka maji ya rejeta. Kyule alimwambia ashike foleni nyuma ya yule mama mwenye mtungi wa kijani. Mutie akashika foleni. Zamu yake ilipofika alivua viatu, akatambaa, akachota, akamshukuru Kasiva kwa adabu. Kisha akajaza rejeta, akavaa viatu, akateremsha lori kuelekea mtoni, vijana wa koleo wakiwa wamekaa nyuma.