Tangi la Gari la Wagonjwa

"Petroli haina miguu, Mama Mapipa," meneja alisema. "Imekwenda wapi?"

Mama Mapipa alichomoa kijiti cha kupimia kutoka kwenye pipa la akiba, akakitazama. Juzi kililowa hadi alama ya nane. Leo, ya tano. Miaka kumi na tisa alikuwa akitunza mafuta ya magari haya ya vita vya zamani hapa makumbusho, na hajawahi kujichukulia hata ya kufutia doa la nguo. Leo anaitwa mwizi kwa macho.

Kosa lake lilikuwa jingine. Mficha uchi hazai. Akaona bora aseme.

"Mimi ndiye ninayelijaza lile gari la wagonjwa, bosi. Alikuwa akiliendesha baba yangu. Vita vilipokwisha, gari lilirudi likivutwa kwa mnyororo. Yeye hakurudi."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba gari la kulala hulala na tangi kavu?"

Ni yeye. Petroli ikikaa sana huchacha, ikaganda kama gundi. Ndiyo maana kila mwezi aliibadilisha kwa siri, tena akichagua ile isiyochanganywa spiriti, isije ikatafuna mipira ya kizamani.

"Imwage yote," meneja alisema. "Nikikuta hata tone, kesho usije."

Mama Mapipa alifungua koki ya chini ya tangi, akakinga debe. Petroli ilitiririka, ikadondoka, ikakoma. Roho ilimuuma kama anayemnyang'anya mtu chakula mdomoni. Ndipo injini ikaanza kulia: ti... ti... ti... Mlio wa chuma kinachopoa baada ya safari ndefu.

"Umeliwasha?"

"Nitaliwashaje? Betri iko stoo."

Meneja, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe, aliweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi. Mama Mapipa naye akagusa. Lilikuwa la moto. Hofu ilimpanda kutoka nyayoni, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na furaha, akaionea haya.

Kwenye ngazi ya mlango wa dereva palikuwa na tope bichi. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu.

"Mzee wako alikuwa akibeba nani?" meneja aliuliza, sauti imemshuka.

"Majeruhi. Walisema aligeuza gari akawafuate waliobaki."

 Meneja alitungua faneli ukutani, akaichomeka kwenye mdomo wa tangi, akaishika kwa mikono miwili isitikisike.

"Taratibu," alisema.

Mama Mapipa aliinua debe. Tope liliendelea kudondoka kutoka ngazini, tone moja moja, sakafuni.